Maneno ya Vita: Uvamizi, Ukombozi na Ulinzi

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii yafaa kwa mambo mengi, lakini hapana mahali inapofaa zaidi kuliko katika majina wanayoyatoa watu kwa vita vyao. Jeshi moja, likiwa njiani mwake siku moja, huitwa la wakombozi na upande huu, la wavamizi na upande ule, na la walinzi na wale waliolituma. Si ajabu kwamba maadui huitana majina mabaya. Ajabu ni kwamba watu wa nchi moja, wenye lugha moja, hubadilishana majina hayo kadiri wanavyobadilishana viti vya utawala, na wala hawaoni haya kulitukana leo jambo walilolisifu jana.

Katika makala hii nataka kuyapima baadhi ya maneno hayo kama yanavyotumika katika Kiswahili. Sitauliza tu nani ameyasema, maana swali hilo ni rahisi na jibu lake halitufikishi mbali. Nitauliza kila neno ladai nini. Naamini kwamba maneno haya, ingawa huvutwa huku na huku, yana mizizi. Na kila mzizi una sharti lake. Atakayelitumia neno na kulikataa sharti lake amejitwalia heshima ya neno bila ya kulipa thamani yake.

Natuanze na neno uasi. Kuasi ni kukataa kutii. Basi hawezi mtu kumwasi asiyempasa utii: mtoto humwasi mzazi, askari humwasi jemadari wake, mja humwasi Mola wake. Mgeni akiingia nyumbani kwangu bila ya ruhusa nami nikamtoa, hapana atakayesema kwamba nimemwasi. Hata hivyo, Wajerumani walipopigana na watu wa Pwani tangu mwaka 1888, vita vile katika vitabu vyao viliitwa uasi wa Waarabu. Jina hilo lilikuwa na uongo mara mbili. Kwanza, waliopigana hawakuwa Waarabu peke yao. Pili, Bushiri bin Salim na wenzake hawakuwa wamekula kiapo cha kumtii Mjerumani. Kwa kuviita vita vile uasi, Wajerumani walijipa utawala kwa neno kabla ya kuupata kwa bunduki.

Tena kule Berlin kwenyewe jina halikuwa moja. Mwanzoni mwa mwaka 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2 kwa kazi ya Wissmann, na kazi hiyo ilielezwa kuwa ni kukomesha biashara ya watumwa na kulinda masilahi ya Wajerumani. Maelezo hayo yalikuwa na masikio yake. Chama cha Wakatoliki, ambacho hakikuwa na shauku kubwa ya makoloni, kiliweza kuunga mkono vita dhidi ya utumwa. Wapenda makoloni walisikia zaidi habari za masilahi. Kila kundi lilichukua nusu ya jina iliyolifaa, na jeshi likapata fedha nzima. Bushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889.

Upande wa pili wa vita vile haukukaa kimya. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi ambao umejulikana kwa jina la Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Msomaji aliangalie jina hili kwa makini. Humo mna mtenda, nao ni Wadachi. Mna kitendo, nacho ni kutamalaki. Mna mahali, napo ni Mrima. Halina tusi ndani yake, wala sifa. Kutamalaki ni kutwaa na kumiliki. Neno lakiri kwamba jambo limetokea, lakini halisemi kwamba lilikuwa haki. Jina la namna hii, lenye mtenda, kitendo na mahali, ndilo kipimo nitakachotumia kwa majina ya baadaye.

Shaaban Robert naye alituachia Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945. Hapa hatuna mtenda wala mahali. Tuna lengo tu. Vita Vikuu vya pili vinaitwa vita vya uhuru, na bila shaka kwa watu wengi wa Ulaya na wa Uhabeshi vilikuwa hivyo hasa. Lakini askari wa Afrika ya Mashariki waliopelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma waliondoka katika nchi zisizokuwa huru, wakarudi katika nchi zisizokuwa huru. Je, mtungaji alikosea? Sidhani. Neno uhuru ni neno lenye kudai. Ukiwaambia watu kwamba wanakufa kwa ajili ya uhuru, umeandika hati ya deni, na siku moja wataidai. Tanganyika ililipwa deni hilo mwaka 1961. Hivyo neno lililotolewa na mtawala kwa faida yake laweza kumrudia kwa hasara yake. Na hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutokata tamaa na maneno.

Sasa tufike katika jambo lililo karibu zaidi nasi. Idi Amin alitwaa utawala wa Uganda tarehe 25 Januari 1971. Mwezi wa Septemba 1972 wafuasi wa Milton Obote waliokuwa wamekimbilia Tanzania waliingia Uganda kwa silaha kutoka upande wetu wa mpaka, wakashindwa. Kwa Kampala huo ulikuwa uvamizi uliotoka Tanzania. Kwa wale walioingia ulikuwa mwanzo wa ukombozi. Mwezi uliofuata nchi mbili hizi zikapatana Mogadishu. Miaka sita baadaye, mwezi wa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalivuka mpaka huo huo kwa upande wa pili, yakachoma, yakaua, yakachukua maelfu ya ng'ombe, na daraja la Kyaka likavunjwa. Safari hii neno uvamizi lilitamkwa Dar es Salaam. Nayo redio ya Uganda, tarehe 1 Novemba, ilitangaza kwamba eneo la Kagera limekombolewa na kwamba mto ndio mpaka mpya.

Ndiyo kusema kwamba katika vita hivi mtu wa kwanza kutangaza ukombozi alikuwa Amin. Watanzania wengi wamelisahau jambo hili, au hawakupata kulisikia, maana neno hilo baadaye tulilishika sisi. Lakini halitushangazi tukikumbuka kipimo chetu. Kukomboa, kwa maana yake ya asili, ni kutoa mali ili kurudisha kitu kilichoshikwa na mwingine: mateka hukombolewa, rehani hukombolewa. Kwa hiyo neno hili lina masharti matatu. Lazima pawe na kitu kilichoshikwa. Lazima mkombozi atoe thamani. Na lazima kitu kirudi kwa mwenyewe. Amin hakutimiza hata moja. Eneo lile halikuwa limeshikwa na yeyote, thamani ililipwa na wanakijiji wa Kagera, na nia yake haikuwa kumrudishia mtu kitu bali kukichukua. Hatuhitaji kuwa Watanzania ili tuseme kwamba alilitumia neno hili kwa uongo. Neno lenyewe lamkataa.

Mapema mwezi huo wa Novemba, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Hotuba ile yakumbukwa kwa majina yake matatu, sababu, uwezo na nia. Wengi wetu twaweza kuyataja tukiwa usingizini. Lakini mhakiki wa lugha ataangalia zaidi kitenzi kilichofuata majina hayo, yaani kumpiga. Katika kitenzi hiki herufi moja, -m-, imebeba siasa nzima. Hatukuambiwa kwamba tutaipiga Uganda, wala kwamba tutawapiga Waganda. Tuliambiwa kwamba tutampiga yeye. Adui akawa mtu mmoja, na jina lake likatanguliwa na neno nduli, yaani katili mwuaji, hata ikawa kama cheo chake. Uzuri wa jambo hili hauna shaka: lilitukinga na chuki ya kabila na ya taifa, na Waganda waliokuwa kwetu hawakugeuzwa kuwa maadui. Lakini risasi haina kiambishi cha mtendwa. Jeshi lililotumwa kumpiga mtu mmoja lilipita Masaka na Mbarara, na miji hiyo ikabomolewa vibaya, ilhali yule mtu mmoja hakuwapo katika mji wowote kati ya hiyo. Alikufa Saudi Arabia mwaka 2003, kitandani.

Tulitazame na jina la vita vyenyewe. Sisi twaviita Vita vya Kagera. Jina hili ni kweli kwa miezi ya mwanzo, maana mapigano ya kuwaondoa wavamizi yalikuwa Kagera. Lakini baada ya Januari 1979, Mutukula ilipotwaliwa, vita vilikuwa Uganda: Masaka, Mbarara, Lukaya, Kampala iliyoanguka tarehe 10 na 11 Aprili, hata mipaka ya kaskazini mwezi wa Juni. Sehemu kubwa ya vita vile haikupiganwa Kagera. Basi jina letu latuweka nyumbani siku zote, kama watu ambao hawakuvuka mto. Halisemi uongo, ila lanyamaza mahali pa kusema.

Unyamavu huo umeingia hata katika vitabu. Baldwin Mzirai aliandika Kuzama kwa Idi Amin, kilichotoka mwaka 1980. Henry Muhanika akatunga Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada, uliotoka mwaka 1981. Sitazungumza hapa juu ya yaliyomo, ila juu ya majina tu. Kuzama ni kitenzi kisichohitaji mtenda. Chombo huzama chenyewe. Anguko limetokana na kuanguka, wala si kuangusha. Embe bivu huanguka bila ya kutikiswa. Kiswahili kina njia nyepesi kabisa ya kusema kuzamishwa na kuangushwa, na waandishi hawa walikijua vizuri. Walichagua njia ya kutomtaja mtenda, na nadhani walifuata hisia ya wakati wao. Taifa lilijivunia ushindi, lakini halikupenda kusema waziwazi kwamba limeiondoa serikali ya nchi nyingine. Weka majina haya mawili karibu na lile la Hemedi. Yeye, aliyekuwa upande wa walioshindwa, alimtaja mtenda na kitendo chake. Walioshinda walimficha mtenda, naye alikuwa wao wenyewe. Hii yaonyesha kwamba aliyeonewa hudai majina kamili, na mwenye nguvu hupenda vitenzi visivyo na mtu.

Mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokutana Monrovia mwezi wa Julai 1979, jambo hili lilisemwa wazi. Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania. Binaisa, Rais mpya wa Uganda, aliitetea. Ubishi ulihusu neno moja katika mkataba wa mwaka 1963, yaani kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Hapa Kiswahili chatufundisha jambo ambalo lugha nyingine zalificha. Waingereza wana maneno mawili tofauti, moja la lawama na jingine lisilo na lawama. Sisi tuna shina moja tu. Kuingilia ni aibu, hata katika mambo ya faragha. Lakini ukiongeza neno dogo kati, ukasema kuingilia kati, aibu yote hutoweka, na mwingiliaji huwa msuluhishi aliyejitia baina ya wagomvi wawili ili wasiumizane. Neno moja la silabi mbili limemgeuza mkosaji kuwa mtu mwema.

Sharti la neno kati ni kwamba pawe na pande mbili, na mwenye kuingia asiwe mmoja wao. Umoja wa Afrika, katika Sheria yake ya kuanzishwa iliyopitishwa Lomé mwaka 2000, uliandika mambo haya mawili bega kwa bega katika kifungu cha nne. Nchi moja isiingilie mambo ya ndani ya nyingine. Lakini Umoja wenyewe una haki ya kuingilia kati palipo na makosa ya vita, mauaji ya kimbari na makosa dhidi ya ubinadamu, kwa uamuzi wa mkutano wa wakuu. Msomaji atakubali kwamba tofauti baina ya vifungu viwili hivi haimo katika kitendo, maana askari ni wale wale na mpaka ni ule ule. Tofauti imo katika mwenye kuamua. Basi mtu akisema kwamba nchi fulani imeingilia kati, tumwulize: kati ya nani na nani, na kwa uamuzi wa nani? Akikosa jibu, na aliondoe neno kati.

Je, katika mwaka 1979 Tanzania ilikuwa nini? Wako wasemao kwamba ilikuwa mkombozi, na kwa hiyo si mvamizi; na wako wasemao kwamba ilivamia, na kwa hiyo haikukomboa. Pande zote mbili zadhani kwamba neno moja hulifuta jingine. Hilo ndilo kosa lenyewe. Kuvamia ni kuingia kwa nguvu mahali pa mwingine. Neno hili hutazama mwanzo wa tendo. Kukomboa hutazama mwisho wake. Jeshi moja laweza kuwa na yote mawili: likavamia nchi, na nchi hiyo ikakombolewa. Tunayo haki ya kusema kwamba tulivuka mpaka kwa nguvu, kwamba sababu yake ilikuwa nzito, na kwamba watu wengi wa Uganda walifurahi. Hapana sentensi moja kati ya hizi inayoikanusha nyingine. Anayeogopa neno la kwanza aonyesha kwamba haliamini sana la tatu.

Watu wa Kampala waliwapokea askari wetu kwa shangwe, wakawaita bakombozi. Jina hilo lina thamani kubwa kuliko tangazo lolote la serikali, maana lilitolewa na waliokombolewa, wala halikujitwaliwa na wakombozi. Lakini kuna sharti la mwisho, la kurudisha kitu kwa mwenyewe. Mkutano wa Moshi wa mwezi wa Machi 1979 uliunda umoja wa Waganda wa kushika nchi. Yusufu Lule akawa Rais mwezi wa Aprili, akaondolewa mwezi wa Juni. Binaisa akamfuata, naye akaondolewa mwezi wa Mei 1980. Na matokeo ya uchaguzi wa Desemba 1980 yalibishaniwa hata yakazaa vita vingine. Muda huo wote jeshi la Tanzania lilikuwapo, na watu walianza kuuliza kama vyeo vile vyatolewa Kampala au Dar es Salaam. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema methali moja; mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, husema nyingine. Askari wetu waliondoka mwaka 1981, wakati ambapo lile neno bakombozi lilikuwa limekwisha poteza utamu katika vinywa vya wengi.

Wala neno halikuishia hapo. Utawala wa sasa wa Uganda huadhimisha Siku ya Ukombozi tarehe 26 Januari, kwa kukumbuka mwaka 1986, Museveni alipoitwaa Kampala. Hivyo serikali iliyowekwa kwa msaada wa wakombozi wa kwanza ilipinduliwa na wanajeshi wake wenyewe mwaka 1985, na wakombozi wa pili wakaiondoa ile iliyoifuata. Pamoja na hayo, lugha yetu yenyewe imelipa gharama. Kiswahili kilijulikana kwa Waganda wengi kuwa lugha ya askari: ya askari wa mkoloni, ya askari wa Amin, kisha ya askari wa ukombozi. Wenzetu wafundishao Kiswahili Uganda bado hukutana na woga huo katika nyuso za wazee. Neno laweza kuonewa na watumiaji wake, na lugha nzima pia.

Kongo yatupa mfano wa jinsi jina linavyoweza kugeuka bila ya jeshi kubadilika. Mwaka 1996 majeshi ya Rwanda na Uganda yaliingia Zaire pamoja na muungano wa Laurent Kabila, uliobeba neno ukombozi katika jina lake. Mwezi wa Mei 1997 wakaingia Kinshasa. Mwezi wa Julai 1998 Kabila aliwaamuru wageni watoke, na mwezi wa Agosti vita vipya vikaanza. Marafiki wa jana wakaitwa wavamizi na yule yule aliyeingia mjini pamoja nao. Tusikimbilie kumcheka. Kwa kipimo chetu walikuwa wamevamia tangu 1996. Jambo lililokosekana mwaka 1998 ni ukombozi tu, kwa kuwa sharti la kurudisha halikutimia. Kosa la Kabila halikuwa kuwaita wavamizi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba hawakuwa hivyo hapo awali.

Neno la mwisho ni ulinzi. Mwezi wa Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa nyara katika pwani ya Lamu na wafanyakazi wa misaada katika kambi ya Dadaab, majeshi ya Kenya yaliingia Somalia katika operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Linda Nchi. Jina ni fasaha na fupi, tena lina umbo la amri. Lakini kulinda, kwa wakulima wetu, ni kukaa dunguni katika shamba lako na kuwafukuza ndege na nguruwe. Mlinzi akimfuata nguruwe hadi shamba la jirani, bado twaweza kumwita mlinzi kwa siku hiyo. Akijenga dungu lake katika shamba la jirani na kukaa miaka, hapana budi tutafute neno jingine, au jirani mwenyewe aseme kwamba amemkaribisha. Mwaka 2012 Wakenya hao waliingizwa katika jeshi la Umoja wa Afrika, ambalo limebadilishwa jina mara mbili, mwaka 2022 na 2025. Huko ndiko kulikuwa kutafuta neno jingine, na ilikuwa sawa kulitafuta. Al-Shabaab waliwaita wavamizi tangu mwanzo, huku wao wenyewe wakiua watu wasio na silaha Nairobi mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015. Mwuaji aweza kutamka neno lililo kweli juu ya mwingine. Ukweli wa neno haumsafishi.

Lakini mageuzi yenye mafunzo zaidi yalikuwa ndani ya Kenya. Viongozi waliokuwa katika serikali mwaka 2011 na kuitetea operesheni ile, walidai mwaka 2014, wakiwa upinzani, kwamba askari warudi. Wengine walioshika serikali wakati huo wakaona dai hilo kuwa ni kukosa uzalendo. Sisemi kwamba ni makosa kubadili shauri. Mwenye busara hubadili shauri hali ikibadilika. Twamtaka tu aeleze ni sharti gani la neno lililokuwa limetimia zamani na sasa halitimii. Akisema kwamba hatari imepungua, au kwamba gharama imezidi faida, amejadili. Akibadili jina tu bila ya kutaja kilichobadilika, amehama kiti na neno likamfuata kama kivuli.

Mambo haya hayako mbali tu. Tarehe 12 Januari 1964 Unguja lilitokea jambo ambalo dola yake hulitaja katika jina lake rasmi, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na ambalo Wazanzibari wengine huliita mavamizi. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika walifanya yanayoitwa maasi, na serikali ikawaita askari wa Uingereza kuyazima. Hao, kwa kuwa walialikwa, hawakuitwa wavamizi, ingawa Mwalimu hakuificha fedheha ya kuwaita. Kupindua ni kugeuza juu kuwa chini, na hakusemi mpinduzi ametoka wapi. Kuvamia kwadai kwamba ametoka nje. Basi ubishi wa maneno mawili haya ya Unguja hautamalizwa kwa makelele. Utamalizwa, kama utamalizwa, kwa uchunguzi wa nani walikuwapo usiku ule na walitoka wapi. Neno lililopimwa vizuri hugeuza ugomvi kuwa swali, na swali laweza kutafutiwa jibu.

Najua kwamba baadhi ya wenzangu watasema: lugha ni ya wasemaji, maana hubadilika, na mizizi haimfungi mtu. Nakubali kwamba maana hubadilika. Hapana anayelipa fedha leo anaposema kukomboa nchi. Lakini kwa nini serikali hupenda neno ukombozi kuliko neno utwaaji? Kwa sababu neno lile bado lina harufu ya mateka anayerudi kwao. Serikali hutaka harufu hiyo. Basi ikiwa yaitaka harufu, na ilikubali na ua lenyewe. Haiwezekani kuishi kwa heshima ya maana ya zamani na kukataa masharti yake kwa hoja kwamba maana imebadilika.

Kwa walimu, wafasiri na wahariri, natoa shauri la kazi. Tunapokutana na neno uasi, tuulize utii ulidaiwa kwa haki gani. Kwa uvamizi, tuulize mpaka ni upi na nani aliuvuka kwanza. Kwa ukombozi, tuulize nani alilipa, na kitu kilirudi kwa nani. Kwa ulinzi, tuulize shamba ni la nani. Kwa kuingilia kati, tuulize kati ya nani. Mahali ambapo hatuna jibu, tufuate mfano wa Hemedi: tumtaje mtenda, kitendo na mahali, tuseme kwamba majeshi ya nchi fulani yameingia nchi fulani, kisha tunyamaze. Sentensi hiyo haina mapambo, lakini mtu wa Mutukula, wa Goma na wa Kismayo aweza kuisoma bila ya kuhisi kwamba ameondolewa katika habari yake mwenyewe.

Hatari ya kutofanya hivyo si ya wanazuoni peke yao. Kijana anayeandikishwa jeshini hupewa neno kabla ya kupewa bunduki, na ni kwa ajili ya neno hilo kwamba mamake hukubali kumwacha aende. Neno likiwa la uongo, yule mama amedanganywa katika mkataba mkubwa kuliko yote aliyopata kutia sahihi.